Sanduku hili lisijae

Mwanangu mpendwa,

Ukifungua sanduku hili utaona halijajaa hata nusu. Usidhani nimesahau vitu, wala usidhani baba yako amekuwa bahili. Nimelipanga mara mbili. Mara ya kwanza lilijaa mpaka zipu ikagoma, nikamwaga vyote kitandani na kuanza upya, mama yako amekaa pembeni anacheka. Yeye anasema nikuache uende kwenye kambi ya kutengeneza albamu na mzigo wako wote, ukirudi utakuwa umejifunza kama yeye alivyojifunza. Nikamkumbusha kwamba siku alizokuwa akijifunza, mbeba sanduku nilikuwa mimi.

Wanaosema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi hawajapanda ngazi hadi ghorofa ya tatu na sanduku la mtu anayekwenda kutengeneza albamu za kumbukumbu. Mara yake ya kwanza mama yako alichukua karatasi 400. Ni hizi nzito, za sentimita 30 kwa 30, gramu 200 kwa mita ya mraba. Piga hesabu: karatasi moja gramu 18, karatasi 100 kilo moja na gramu 800, karatasi 400 kilo saba na ushee, hapo hujaweka hata mkasi. Kambi ilikuwa ya siku mbili na nusu. Alirudi na kurasa tano. Karatasi zilizobaki zikapanda tena ngazi za kwetu, begani kwangu.

Nilimuuliza siku zote zile alikuwa akifanya nini. Akanijibu, "Nilikuwa nachagua."

Basi, mama, kuchagua tumalize nyumbani. Kule nenda ukakate, ubandike na uandike. Ndiyo maana nimekupangia hivi nilivyokupangia, na kama kuna kitu hukipendi, kibadilishe kabla hujatoka, usikibadilishe ukiwa kwenye meza ya watu.

Picha ni 36. Najua uliomba zote za kwenye boksi la bibi yako, zaidi ya 200. Chukua ukurasa wa inchi 12 kwa 12: una inchi za mraba 144. Picha ya inchi 4 kwa 6 inakula 24. Ukiweka sita zinaufunika ukurasa wote kama vigae, husalii na pa kuandika hata tarehe. Ukiweka tatu zinachukua nusu, na ile nusu nyingine ni ya kichwa cha habari, ya maneno, na ya jicho kupumzika. Tatu kwa kurasa 12 ni 36. Na kurasa 12 kwa muda ule ni nyingi. Ukizimaliza zote nipigie simu, nyingine nitakuletea mwenyewe.

Zote ni nakala. Za asili zimebaki kwenye boksi na hazitoki, hata uniombe vipi. Meza ya kambi ina vikombe vya watu wanane, ina wino, ina mikono ya kila mtu anayepita akisema "hebu nione". Nimeziskani kwa nukta 600 kwa inchi, kwa sababu nyingi za bibi yako ni vipicha vya inchi 2 kwa 3; ukiviskani hivyo unaweza kuvichapa maradufu, inchi 4 kwa 6, na bado ukabaki na nukta 300 kwa inchi. Kwa nukta 300 za mwanzo vingetoka na ukungu. Usiku tatu nzima nilikuwa nafanya kazi hiyo.

Kila ukurasa una mfuko wake wa plastiki, nao una namba. Ndani ya mfuko kuna picha tatu, karatasi moja nzito ya kubeba ukurasa, mbili nyepesi zenye maua au mistari, na kikaratasi cha maelezo ambacho nitakueleza baadaye. Ukikaa mezani toa mfuko mmoja tu, mingine iache sandukuni. Mifuko yenyewe ni ya polipropileni. Ile laini yenye harufu kali ya plastiki mpya nimeikataa, maana mingi ya namna hiyo ni PVC, na PVC ikizeeka hutoa asidi inayokula picha. Karatasi nazo nimezichagua zilizoandikwa kwamba hazina asidi wala lignini. Lignini ndiyo inayoligeuza gazeti kuwa la manjano ukiliacha dirishani. Ndiyo sababu kile kipande cha gazeti chenye jina la babu yako hukioni humu. Kilichomo kwenye mfuko namba 9 ni nakala, nimeichapa kwenye karatasi nzuri.

Mifuko yote nimeilaza kati ya mabao mawili ya kadibodi ngumu, nikayafunga kwa mpira. Usiisimamishe kama vitabu. Karatasi ikisimama safari nzima hujikunja pembe, na pembe iliyokunjika hainyooki tena, utaiona kila utakapofungua ukurasa.

Sasa gundi, na hapa nivumilie kidogo.

Ile picha ya bibi yako amesimama mlangoni, nilipokuwa na umri kama wako iliraruka mikononi mwangu. Kwa hofu nikaiunga kwa selotepu, upande wa mbele, nikairudisha kwenye boksi kimya kimya. Haikuonekana kitu. Miaka ikapita, ile selotepu ikawa ya manjano, halafu kahawia, halafu plastiki yake ikabanduka yenyewe na kuacha gundi imeshazama ndani ya karatasi. Leo kuna mstari unaotoka begani kwake hadi kwenye fremu ya mlango, upana wa kidole. Kwenye mfuko namba 4 utauona. Ningeweza kuufuta kwenye kompyuta. Nimeuacha.

Kwa hiyo selotepu ya kawaida sijakuwekea hata kipande, na mwenzako akikuazima usipokee. Nimekuwekea gundi kavu ya kuburuta, ile inayokaa kwenye kijigurudumu, isiyo na asidi. Nimekadiria hivi: kila picha vipande vinne vya sentimita tatu, yaani sentimita 12, picha 36 ni mita nne na kitu, na kwa kuwa utabandika picha juu ya karatasi, kisha karatasi juu ya ukurasa, zidisha kwa mbili, karibu mita tisa. Ndiyo maana kuna kijigurudumu kimoja na vijazio viwili. Gundi ndiyo kitu cha kwanza kuwaishia watu kambini, nayo huisha usiku. Gundi ya maji nimeweka chupa ndogo tu, kwa ajili ya riboni na vifungo, imo ndani ya mfuko wa zipu peke yake, kizibo juu. Chupa ya mama yako iliwahi kufunguka njiani ikaganda kwenye shati langu jeupe. Usiitumie kwenye karatasi nyepesi, maji yake huivimbisha ikajikunjakunja kama uso wa mtoto anayetaka kulia. Gundi imesumbua watu tangu zamani: Mark Twain, yule mwandishi wa Marekani, mwaka 1873 alipewa hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya albamu yenye kurasa zilizokwisha kupakwa gundi, unalowesha tu na kubandika.

Gundi ya kupuliza nimeitoa. Ni kopo la gesi inayowaka, kwenye ndege halipandi, na chumbani mwenye pumzi fupi atakuchukia.

Vya kukatia ni vichache. Kuna kile kikatio cha karatasi cha kuteleza, na wembe wake wa akiba nimeubandika chini yake. Wembe ukiwa butu haukati, unararua. Utaona ukingo umeota manyoya meupe. Hapo usilaumu karatasi, badilisha wembe. Kuna kisu kidogo, rula ya chuma na mkeka wa kukatia. Usije ukatumia rula ya plastiki na kisu. Kisu huing'ata, na kuanzia hapo kila mstari wako una kovu. Kama mtapanda ndege, kisu, nyembe na mkasi viende kwenye mzigo wa chini, la sivyo utaviacha mlango wa ukaguzi. Vile vitoboleo vya maua na nyota, mihuri ya mbao na mashine ya kuchonga herufi nimevibakiza nyumbani. Ni vizito kama mawe ya kusagia na kambini lazima kuna mtu aliyekuja navyo. Piga simu kwa waandaaji uulize kuna nini tayari, hasa mwanga na soketi.

Mwanga nakusisitiza. Kumbi nyingi zina taa za manjano, na chini ya taa za manjano utachagua bluu ambayo asubuhi utaikuta ni kijani. Nimekuwekea taa ndogo ya mezani yenye mwanga mweupe, na waya wa ekstensheni wa mita tatu. Kuna pia mfuko wa takataka: ubandike ukingoni mwa meza, mbele yako, kila kipande kiangukie humo. Nusu ya muda wa mama yako kambini uliishia kutafuta picha moja ndogo iliyokuwa chini ya mabaki ya karatasi. Kila kifaa nimekiandika jina lako. Si kwamba watu ni wezi. Mikasi yote inafanana.

Kalamu ni mbili, nyeusi, wino wa pigmenti, hauchuji kwa maji wala haupauki upesi kwa mwanga. Bolpeni usiitumie kuandika nyuma ya picha, ukikandamiza tu mstari unatokea mbele, kwenye shavu la mtu. Nyuma ya picha za zamani wazee waliandika kwa penseli na maandishi yapo hadi leo, ila hizi za siku hizi zina ngozi ya plastiki, penseli haishiki. Ndiyo maana kila mfuko una kikaratasi.

Hicho kikaratasi ndicho kilichonichelewesha kukutumia sanduku, siyo karatasi wala gundi. Mama yako katika kambi yake ya pili alikuwa na picha ya wanaume wanne wamekaa kwenye benchi. Alimjua babu yako, alimjua kaka yake, alimjua jirani. Wa nne hakumjua, nami nilipopigiwa simu sikupatikana. Ilikuwa usiku, ukurasa ulikuwa mzuri, akaandika "Babu na marafiki". Mwaka uliofuata tukamuuliza bibi yako, akaitazama muda mrefu akasema, "Huyu alikuja sana hapa." Jina halikuja. Ukurasa ule bado upo hivyo hivyo, na kila ninapoufungua macho yangu huenda kwa huyo wa nne, mwenye kofia mkononi.

Basi nimekaa na shangazi yako Jumapili mbili, picha moja baada ya nyingine: nani, wapi, mwaka gani, nani aliyepiga. Tumegombana pia. Ile ya baiskeli, mfuko namba 6, yeye anashikilia ni 1974, mimi nasema ni 1976, maana baiskeli ilinunuliwa baada ya mimi kuanza shule na nakumbuka nikipakizwa nyuma. Andika miaka yote miwili, na uandike nani alisema upi. Tulipokwama tumeandika "hatujui", na wewe andika hivyo hivyo, usipambe. Na acha nafasi ya vidole viwili chini, huenda siku moja mtu akaja na jina.

Maneno andika kabla hujabandika mapambo. Watu huacha maandishi mwisho, mwisho wenyewe ni Jumapili asubuhi watu wanakunja meza, ndipo unaona albamu nzuri za watu wasio na majina. Kama mkono unatetemeka, andika kwenye karatasi pembeni ukate ubandike. Mwandiko mbaya si kosa. Wa bibi yako ulikuwa kama nyayo za kuku na ndio ninaoupenda kuliko picha zake.

Tiketi ya safari yako ukitaka kuibandika, ipige picha kwanza. Zile zinazochapwa kwa joto, kama risiti za dukani, hupauka zikabaki karatasi tupu.

Nafasi iliyobaki sandukuni ni ya kurudia. Kurasa zilizokamilika zitakuwa nene kuliko zilivyokwenda, hasa ukiweka vifungo na riboni, na zikibanwa zitachapana alama. Kati ya ukurasa na ukurasa weka karatasi laini. Zimo kumi na tano chini kabisa.

Gurudumu la kushoto linalia, usijali, limelia tangu hujazaliwa.

Akupendaye,
Baba

Nilipokwenda kutafuta bahasha ya barua hii, mama yako amepenyeza pakiti tatu za stika za vipepeo, riboni ya dhahabu na karatasi 20 ambazo hazimo kwenye hesabu yangu. Nimeziona. Nimeziacha. Ila ule mkasi wake wa mpini mwekundu nimeutoa, ni wa vitambaa, na akisikia umekata karatasi hatutalala humu ndani.