Simbilisi si panya wala sungura

Ndugu Mhariri,

Safu yenu ya mifugo midogo imekuwa ikimweka simbilisi fungu moja na sungura, na mahali pengine ikamwita panya wa kufugwa. Ningenyamaza kama lingekuwa suala la kumpanga tu. Lakini ushauri uliofuata ni kwamba alishwe chakula cha vidonge cha sungura, jike asubiriwe mpaka akomae kabisa ndipo apandishwe, na akiugua achomwe penisilini. Yote matatu yanaua simbilisi, na naomba mtoe masahihisho kabla wafugaji hawajapata hasara zaidi.

Huyu ni mnyama wa Amerika Kusini. Wenyeji wa milima ya Andes walimfuga kwa ajili ya nyama maelfu ya miaka kabla ya Wahispania kufika, na vinasaba vinaonyesha kuwa asili yake ni simbilisi mwitu wa huko huko, Cavia tschudii. Ndugu zake wa ukoo wa Caviidae ukiwatazama hutadhani ni ukoo mmoja. Mnyama aitwaye mara, wa nyika za Argentina, ana miguu mirefu ya kukimbilia, hufika kilo 8 na zaidi, na dume na jike hukaa pamoja miaka yote. Mwingine aitwaye moko, wa kaskazini-mashariki mwa Brazili, hukwea majabali na miti. Kapibara hushinda majini, na mkubwa huvuka kilo 50. Kinachowaunganisha ni meno 20 yasiyokoma kuota, vidole vinne mbele na vitatu nyuma, mimba ndefu, na watoto wanaozaliwa wakiwa tayari kwa maisha. Ukitafuta jamaa zao hapa Afrika, watazame nungunungu na ndezi, si panya wa darini.

Tuanze na chakula. Sungura hujitengenezea vitamini C kwenye ini. Simbilisi hawezi, kwa sababu kimeng'enya cha hatua ya mwisho ya kazi hiyo hakipo mwilini mwake, sawa na kwa binadamu. Ndiyo maana mwaka 1907 Axel Holst na Theodor Frølich wa Norwei, walipomlisha nafaka tupu, walimwona akipata kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini hiyo. Simbilisi wa kilo moja anahitaji miligramu 10 hadi 20 kila siku, na mwenye mimba karibu 30. Gramu 25 za pilipili hoho mbichi ya kijani hutoa takriban miligramu 20; kipande cha pera cha gramu 10 hutoa karibu kiasi hicho hicho. Majani mabichi yawepo kila siku, na majani makavu yasikosekane ili meno yasagike. Kumtilia vitamini kwenye maji hakufai kutegemewa, maana huharibika haraka, zaidi kwenye chombo cha chuma, ukabaki unaamini umempa. Akikosa kwa wiki mbili hivi utamwona hataki kutembea, viungo vimevimba, manyoya yamesimama, fizi zinatoa damu, na ukimgusa analia. Wengi hudhani amevunjika mguu.

Kwenye uzazi ndiko hasara kubwa iliko. Sungura hubeba mimba siku 31 akazaa vichanga vipofu visivyo na manyoya. Simbilisi hubeba siku 59 hadi 72, kwa kawaida kama 68, na mtoto hutoka na gramu 60 hadi 100, macho wazi, manyoya kamili na meno. Siku ya kwanza au ya pili tayari anamung'unya majani. Mtoto mkubwa hivyo hana budi kupita kwenye nyonga ya mama mdogo. Siku chache kabla ya kuzaa, maungio ya mifupa ya kinena hulegea na kuachana; ukipapasa taratibu ukakuta pengo la upana wa kidole, uzazi umekaribia. Jike asiyewahi kuzaa mpaka miezi 6 au 7, maungio hayo hukakamaa. Akipandishwa baada ya hapo watoto hukwama, na mara nyingi mama hufa nao. Basi apandishwe kwa mara ya kwanza akiwa na miezi 3 hadi 5, na uzito usiopungua gramu 500. Ajulikane pia kuwa hupata joto la kutaka dume saa chache tu baada ya kuzaa: ukitaka apumzike, mtoe dume mapema, si kesho yake.

Kuhusu dawa nitasema kwa ufupi. Penisilini, ampisilini na amoksisilini huua bakteria wema wanaochachusha majani tumboni mwake, bakteria wabaya wa jamii ya Clostridium hutamalaki, na mnyama hufa kwa kuhara ndani ya siku chache. Daktari wa mifugo aambiwe mapema kuwa mgonjwa ni simbilisi.

Banda halina gharama. Kwa kuwa hakwei kama moko, kizimba cha mita 1.5 kwa mita 1, chenye ukuta wa sentimita 45, huko Peru huchukua majike 7 na dume 1. Juu weka wavu wa kuzuia paka. Sakafu isiwe ya waya, humchubua nyayo zikaoza.

Mwisho, kuhusu ndugu kuzaana kwa ndugu. Pwani ya Santa Catarina, Brazili, kwenye kisiwa cha hekta 10 hivi, ipo spishi nzima ya simbilisi mwitu, Cavia intermedia, yenye wanyama karibu 40 tu. Wametengwa na bara tangu bahari ilipopanda miaka kama 8,000 iliyopita. Mfugaji asione hapo ruhusa ya kubaki na dume mmoja vizazi vyote: wale wamechujwa na maelfu ya miaka ya vifo. Jike huweza kushika mimba akiwa na wiki nne hadi sita, hata kwa baba yake. Watoto watenganishwe kwa jinsia wakifika wiki tatu, na dume mpya atoke banda la mtu mwingine.

Msomaji wenu,
Njombe