Barua ya wazi kwa Mkurugenzi: pokea modeli ya jengo ya kompyuta, ila karatasi isiondoke saiti

Ndugu Mkurugenzi,

Salamu kutoka Njiro. Mimi ni mchoraji wa ramani za majengo hapa Arusha, na naomba ofisi yako ya vibali vya ujenzi ianze kupokea modeli za majengo za kompyuta. Kilichonisukuma kuandika ni tundu kwenye bimu, ile boriti ya zege inayobeba ghorofa.

Ilikuwa nyumba ya ghorofa. Ramani ya vyumba nilichora mimi, ya nondo na zege akachora mhandisi, kila mtu na karatasi zake za A1. Zote zikagongwa mihuri. Siku fundi bomba alipokuja kushusha bomba la choo la inchi 4, akakuta bimu imekaa palepale nilipopitisha bomba langu. Hakupiga simu, alishika tindo. Nilipofika jioni, nondo mbili za chini, zile zinazohimili bimu inapovutika upande wa chini, zilikuwa zimekatwa na fundi anakoroga saruji ya kuziba. Tulivunja, tukamwaga upya. Gharama tuligawana mimi na mhandisi, na mwenye nyumba hajanipigia simu tangu siku hiyo.

Baadaye nilizipanga karatasi zile mbili moja juu ya nyingine, nikazibandika kwenye kioo cha dirisha. Bomba lilionekana, bimu ilionekana. Wote tulikuwa sahihi, kila mmoja kwenye karatasi yake.

Modeli ya kompyuta ingetuumbua kabla ya kuchimba msingi. Si picha ya kuzungushazungusha tu kumfurahisha mteja: ndani yake ukuta una unene wake, bomba lina kipenyo chake, na ukiunganisha kazi ya msanifu na ya mhandisi, programu inakuonyesha zinapogongana. Ukisogeza dirisha, linasogea kwenye kila mchoro. Wenzetu wanaiita BIM, kifupi cha Kiingereza cha modeli ya jengo yenye taarifa zake (nilipomtajia fundi wangu, akauliza bimu ya ghorofa ya ngapi). Uingereza waliifanya sharti kwa miradi ya serikali kuu tangu 2016.

Ninachoomba: kwa majengo ya ghorofa, dirisha la vibali vya ujenzi lipokee na faili la modeli, na mkaguzi aulize kama kazi za wataalamu wote zimeunganishwa. Tafadhali msitaje programu moja. Leseni nyingi hulipiwa kila mwaka, na kijana aliyetoka chuo juzi haziwezi. Ombeni faili la IFC, aina ya faili la modeli isiyofungwa kwa programu moja, lenye kiwango cha kimataifa cha ISO 16739, ambalo hata programu za bure hulifungua. Mwenye nyumba ya vyumba vitatu isiyo na ghorofa mwacheni na karatasi yake.

Saiti nako karatasi ibaki. Ile inayopigiliwa misumari kwenye mlango wa stoo ya saruji haiishiwi chaji, na fundi huandika pembeni kwa penseli vipimo alivyovikuta kweli. Mimi huvisoma hivyo kabla ya kugusa modeli. Ila ichapwe kutoka modeli iliyopitishwa, na tarehe yake ionekane.

Ukinipa nafasi nitakuja na kompyuta, pamoja na zile karatasi mbili. Bado ninazo.

Wako,
Mchoraji wa ramani, Njiro