Swales naye atajwe, na mji wa Pforzheim alioushambulia utajwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kuhusu majina ya barabara. Alitoa mfano wa Durban, Afrika Kusini, ambako barabara kubwa iliyokuwa ya Edwin Swales sasa ni ya Solomon Mahlangu, akasema Swales "alikuwa mkoloni tu, hana cha kukumbukwa".

Kwanza nieleweke. Mimi ni mtu wa Morogoro. Jina la Mahlangu sikulisoma kitabuni. ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, walipopewa shamba la zamani la mkonge pale Mazimbu walijenga shule, wakaiita kwa jina la kijana huyo, mpiganaji wao aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979 akiwa na miaka 22. Walimu wao tulikuwa tunapigana vikumbo nao sokoni, na leo pale ni kampasi ya SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Kwa hiyo Durban kumpa Mahlangu barabara ni haki yake, tena walichelewa.

Lakini Swales ni nani? Alizaliwa mwaka 1915 Inanda, nje kidogo ya Durban. Alikuwa karani wa benki. Vita vilipoanza aliingia kikosi cha Natal Mounted Rifles, akaletwa huku kwetu Afrika Mashariki kupigana na Waitaliano kupitia Kenya hadi Uhabeshi, kisha Afrika Kaskazini. Baadaye akahamia jeshi la anga, akapelekwa Uingereza kurusha Lancaster, zile ndege kubwa za mabomu zenye injini nne, katika vikosi vya watangulizi waliokuwa wakiziwekea alama shabaha gizani ili wenzao wajue pa kupiga.

Usiku wa tarehe 23 Februari 1945 yeye ndiye aliyekuwa rubani kiongozi wa shambulio la Pforzheim, kusini mwa Ujerumani. Ndege ya adui ikampiga, injini moja ikazimika na bunduki za nyuma zikafa. Angeweza kugeuza. Hakugeuza, alibaki juu ya mji akiwaelekeza wenzake kwa redio. Akapigwa tena, injini ya pili ikaenda. Kazi ilipokwisha akaanza safari ya kurudi na ndege isiyomtii, hadi alipovuka mstari wa mbele. Hapo akawaamuru wenzake waruke kwa miavuli. Waliruka mmoja mmoja, naye ameshikilia usukani ili ndege isiyumbe, na wote walipona. Wa mwisho aliporuka, ndege ikaanguka. Swales alikutwa amekufa penye usukani wake. Alikuwa na miaka 29. Nishani ya DFC, ya ushujaa wa wanaanga, alikuwa ameshaipata; Msalaba wa Victoria, ambao Waingereza hawana nishani ya ushujaa vitani iliyo juu yake, alipewa akiwa kaburini. Amezikwa Leopoldsburg, Ubelgiji.

Mtu anayewangoja wenzake wote watoke ndipo afe, mimi simwiti "mkoloni tu".

Sasa upande wa pili, maana wanaompamba Swales nao huuruka. Pforzheim ulikuwa mji wa masonara na mafundi saa. Shambulio lile halikufika hata nusu saa, na watu zaidi ya 17,000 waliteketea, wengi wao raia. Kifusi cha nyumba kilirundikwa nje ya mji mpaka kikawa kilima, na kipo hadi leo. Zaidi ya hapo, jeshi la Afrika Kusini halikumruhusu Mwafrika kushika bunduki, sembuse ndege: waliwekwa madereva na wabeba machela. Mtoto wa Kizulu aliyezaliwa Inanda mwaka huohuo wa 1915, hata angekuwa hodari kiasi gani, asingekaribia usukani wa Lancaster. Inanda hiyohiyo ndiko Mandela alikokwenda kupiga kura yake mwaka 1994.

Nisemacho ni hiki: barabara ibaki ya Mahlangu, lakini chini ya jina lake kiwekwe kibao kidogo kinachosema zamani iliitwa nani, na huyo mtu alifanya nini, Pforzheim ikiwemo. Nasi hapa tufanye hivyo. Ukiuliza vijana wa Dar es Salaam Samora Avenue iliitwaje kabla, wengi watakutazama tu. Iliitwa Acacia, ikaitwa Independence, na Sanamu ya Askari imesimama papo hapo ikiona yote. Halmashauri zetu zina fedha za kubandika mabango ya kila mwanasiasa. Kibao cha maneno arobaini hakiwezi kuzishinda.

Nawe Mhariri, tarehe 23 Februari ijayo mpe Swales safu moja, na tarehe 6 Aprili mpe Mahlangu ukurasa mzima. Ukikosa wa kuandika, mimi nipo.

Mwalimu mstaafu wa historia,
Kihonda, Morogoro