Mfuko wa pamba una deni

Mhariri,

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliandika ukurasa huu akitaka kila mkutano na kila semina igawe mifuko ya pamba ili tuyanusuru mazingira. Mimi ni fundi cherehani. Mifuko nimeshona mingi na tenda kama hiyo ningeifurahia, lakini naomba wasigawe.

Nyuma ya mlango wangu inaning'inia mifuko 14 ya pamba. Niliyonunua mwenyewe ni miwili. Mingine yote nilipewa, na mitano kati yake haijawahi kutoka nje.

Ripoti ya Wakala wa Mazingira wa Uingereza ya mwaka 2011 ililinganisha mifuko kwa kigezo cha kuongezeka joto duniani. Kipimo chao kilikuwa ule mfuko mwepesi wa plastiki, unaotumika mara moja ukatupwa. Ili usiuzidi kwa madhara, mfuko wa karatasi sharti utumike mara 3, wa plastiki nene mara 4, ule unaodhaniwa kitambaa kumbe ni plastiki iitwayo polipropilini mara 11, na wa pamba mara 131. Ukiutoa mara moja kwa wiki, hiyo ni miaka miwili na nusu.

Aliyezoea kushika pamba hashangai. Mfuko ule mwepesi ulikuwa na gramu 8 hivi. Wa pamba, gramu 183. Na kabla kitambaa hakijafika mezani kwangu kuna shamba, maji, mbolea, dawa ya wadudu, kusokota, kufuma na kutia rangi.

Kuna na ripoti ya Denmark ya 2018, ambayo watu hupenda kuitajia namba 7,100, yaani mara ambazo mfuko wa pamba ungepaswa kutumika. Namba hiyo imepandishwa na kigezo kimoja, cha tabaka la ozoni. Kwa joto la dunia peke yake walipata mara 52, nao walilinganisha na mfuko wa plastiki ulio mzito zaidi. Mtu akikurushia 7,100, muulize kwanza ni ya nini.

Sisemi turudi kwenye plastiki nyepesi. Ripoti zote mbili hazikupima uchafu unaozagaa, na kila mtu anajua mfuko ule unakoishia: mitaroni, baharini, tumboni mwa ng'ombe na kasa. Karatasi nayo, mara 3 ni chache kuzitamka, ila ikipata unyevu tu kitako kinaachia. Mimi sijauona uliofika safari ya tatu mzima.

Mfuko ninaotembea nao, mmoja wa ile 14, nimeuwekea hesabu ndani ya pindo kwa kalamu isiyofutika, kila safari mstari mmoja. Umefumuka mara mbili, palepale mkono unapoungana na mdomo. Hii ya kugawa hushonwa hapo mstari mmoja, tena kwa hatua ndefu, bila kurudishia. Mzigo ukizidi kidogo uzi unakatika, na mwenyewe anautupa akidhani umekwisha, wakati kitambaa hakijachakaa hata kidogo. Kinachotakiwa ni mshono wa mraba wenye msalaba katikati. Dakika tano kwa cherehani. Kwa sindano ya mkono labda robo saa, ukiwa na maneno mengi.

Juzi nimechora mstari wa 88. Zimebaki safari 43, halafu nianze na ile 13 iliyoko mlangoni.

Fundi cherehani