Kwa babu mdogo, uliyeondoka Kilindini usifike Colombo

Babu mdogo,

Nakuamkua kwa heshima, mimi mjukuu wa kaka yako.

Wiki iliyopita nilifika Makaburi ya Vita kule Ngong Road, Nairobi, na jina lako nimeliona. Liko chini kabisa, ikabidi nichuchumae. Karani wa zama zile aliliandika kama alivyolisikia, herufi mbili zimepotea, lakini ni wewe. Nikaweka karatasi juu yake nikaisugua kwa penseli mpaka herufi zikajitokeza nyeupe.

Kaka yako alikufa bila kuliona. Yeye ndiye aliyetangulia Keya, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, kisha akatuma barua nyumbani: kuna mshahara, kuna viatu, mtu anaweza kumlipia mama kodi. Barua ile ukaisoma wewe. Ukaingia kikosi cha mizinga.

Mwanzoni mwa 1944 yeye alikuwa Ceylon tayari, kisiwa tunachokiita leo Sri Lanka, akifunzwa vita vya msituni katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Siku ya kusafiri kwenu hakuijua, wala meli, maana hayo yalikuwa siri. Alijua tu kwamba kijana aliyemaliza mafunzo Kenya huenda akapelekwa upande ule. Akanunua kopo la tumbaku, akakuwekea.

Jumamosi ya tarehe 12 Februari, alasiri, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani iliipiga meli yenu, Khedive Ismail, kwa topido. Meli ilizama kwa muda usiofika dakika mbili. Dakika mbili, babu! Aliyekuwa chini kwenye vyumba vya askari angepandaje ngazi? Walikufa watu 1,297, wengi wao wenzako wa Kikosi cha 301 cha mizinga, na wauguzi waliokuwa wakienda kuwahudumia majeruhi. Walionusurika ni 214.

Kuna jambo lingine ambalo limeninyima usingizi. Nyambizi ilikuwa imejificha chini ya maji, na juu yake watu wanaelea wakiomba msaada. Manowari za Waingereza zilipita zikaangusha mabomu ya majini palepale. Nimesoma sababu yao: ingeachwa, ingezamisha na meli nyingine zilizojaa watu. Sababu naielewa. Moyo wangu umekataa kuipokea, na sijui kama wewe ulikuwa bado hai ulipoiona manowari ikigeuka kuja kwenu.

Habari zako zilimfikia kaka yako kupitia askari mwenzake. Miezi michache baadaye alipelekwa Burma. Alipita bonde la Kabaw wakati wa mvua, matope ya magotini, malaria ikiangusha watu sawa na risasi, mpaka wakafika mto Chindwin mwezi Desemba. Hayo alitusimulia mara nyingi. Ya kwako aliyasimulia mara moja tu, akiwa mgonjwa, akamalizia hivi: "Mimi ndiye niliyemwita."

Aliporudi nyumbani, wanajeshi wazungu waligawiwa mashamba kwenye nyanda za juu. Yeye alirudia kubeba kipande, kile cheti ambacho mkoloni alimlazimisha Mwafrika kutembea nacho. Lakini uchungu wa shamba aliuzungumza hadharani, barazani, mbele ya watu. Uchungu wako aliulalia.

Ndiyo maana nakuandikia. Huko mliko, mwambie kwamba barua yake haikukuua. Machifu walikuwa wametakiwa watoe vijana, kodi ilikuwa inadaiwa mlangoni, na pale kijijini walioenda ni wengi ambao hawakuwa na kaka wa kuwaandikia. Mimi nilichelewa kumwambia. Nilikuwa mtoto, na nilipopata akili ya kusema, yeye hakuwa anasikia tena.

Kopo alinikabidhi mwenyewe. Halikuwa limewahi kufunguliwa tangu Ceylon. Kifuniko kilikuwa kimeshika kutu, nikakibandua kwa ncha ya ufunguo nikiwa nimechuchumaa mbele ya jina lako. Tumbaku imekuwa vumbi la kahawia, na harufu ilikuwa bado imo kidogo. Niliimwaga yote kwenye nyasi pale chini. Halafu nikaikunja ile karatasi yenye jina lako, nikaitia ndani ya kopo, nikarudi nalo nyumbani.