Safari ya Stratford-upon-Avon, Uingereza, Jumamosi

Habari zenu ndugu zangu, safari iko palepale, tukutane stesheni saa 3 asubuhi. Tunaanza na shule ya King Edward VI, ile iliyopewa hati ya mfalme 1553, inaaminika Shakespeare, yule mwandishi wa tamthilia wa Uingereza, alisoma pale, na kinachonigusa mimi ni kwamba bado ni shule kabisa, vijana wanasoma hadi leo, wana kundi la maigizo linaitwa Edward's Boys, wavulana watupu wanacheza mpaka sehemu za wanawake kama enzi zile, halafu kila Aprili wanabeba maua kwenye maandamano hadi kaburini kwa Shakespeare. Wazazi leteni watoto jamani, na muwaambie Mwalimu Nyerere alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili. Hela ya tiketi mwisho Alhamisi.