Balbu zinakufa kabla ya siku zake

Salim ndugu yangu,

Salamu nyingi, na samahani kwa kimya. Tangu msiba wa kina Rehema sijakuandikia hata mstari, na hukustahili hivyo. Sisi wazima. Nina jambo linaloninyima usingizi.

Taa za jukwaani zinamaliza balbu. Zile za halojeni za wati 750, zilizoandikwa saa 300, nyingine hazikuvuka hata wiki mbili za mazoezi. Mwenyekiti keshaamua kwamba tumeuziwa balbu mbovu na anataka tubadilishe aina. Mimi nikazikusanya zilizokufa kwenye trei ya mayai, nikakaa nazo mezani, nikazigeuza mojamoja kwenye mwanga.

Moja imevimba ubavuni, pale penye uvimbe kioo kimekuwa cheupe kama maziwa. Hapo kuna mtu alishika kwa mkono mtupu, mafuta ya ngozi yakaungulia kwenye kioo. Vijana nimewapa glavu na kitambaa chenye spiriti, hilo limekwisha.

Lakini nne, Salim! Zote nne ile miguu inayoingia kwenye soketi imeungua, mieusi, na mmoja una vishimo kana kwamba umedonolewa na kuku. Nikachomoa taa moja kwenye umeme, nikaiacha ipoe, nikaifungua. Soketi imelegea, vibanio vyake vimebadilika rangi, ukichomeka balbu inacheza. Sasa mguu usipobanwa sawasawa, cheche zinaruka, moto unapanda hadi pale kioo kilipobanwa juu ya kile kikaratasi chembamba cha metali ya molibdeni kinachopitisha umeme. Pakizidi nyuzi 350 hivi, kinaanza kuoza kwa hewa, kioo kinapata ufa, na balbu imekwisha hata kama uzi wake wa ndani unaotoa mwanga ulikuwa bado mzima. Nasi tunafanya nini? Tunachomeka mpya kwenye soketi ileile! Kibaya zaidi, balbu yenye miguu iliyoungua ukiihamishia kwenye soketi nzima, nayo inaiharibu. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo mwezi uliopita, nikijua naokoa balbu. Imeniuma sana.

Nimemwambia Mwenyekiti tubadilishe soketi na balbu kwa pamoja, tusinunue balbu peke yake. Akasema soketi haionekani na watazamaji. Kweli haionekani, lakini taa ikizimika katikati ya onyesho giza wataliona.

Halafu kuna mbili zinazonisumbua. Miguu safi, kioo safi, uzi umekatika tu. Hapo nashuku umeme wenyewe. Balbu ni za volti 230, na usiku mita yangu inasoma 242, ila mita yenyewe siiamini, betri yake inakufa. Ikiwa ni kweli, basi tumeshapoteza sehemu kubwa ya maisha yake, maana volti zikizidi kwa asilimia 5 tu, umri wa balbu unapungua karibu nusu. Au ni vijana wanaosukuma taa zikiwa bado zinawaka, uzi ukiwa moto na laini? Nimewakataza, lakini kwenye mazoezi ya mwisho nani atasikiliza. Na dima nazo, vile vidhibiti vya kuongeza na kupunguza mwanga, wanazipandisha ghafla toka sifuri hadi juu, wakati uzi baridi unavuta umeme mara kumi au zaidi ya unaowaka. Nimeomba waziache zipashe moto kidogo kabla ya onyesho.

Lakini soketi, Salim, nazirudia soketi. Nimezikagua sita, nne zimeungua. Bado kumi na nane sijazifungua.

Ile mita yako nzuri bado unayo? Unaweza kuja Alhamisi jioni, tupime kwenye taa yenyewe, dima ikiwa juu kabisa na taa zote zikiwa zimewaka? Kassim bado ana soketi za kauri na zile waya zinazostahimili joto, au aliuza zote? Na Mwenyekiti, wewe ungemwambiaje akakuelewa? Wewe anakusikiliza.

Onyesho ni Jumamosi ijayo. Nijibu hata kwa mistari miwili.

Wako,
Zuhura